Kipimo cha kolesteroli kimeshuka, je, mama aache dawa?

Dada, umeuliza kama mama aache atorvastatini, dawa yake ya kushusha kolesteroli, kwa kuwa kipimo cha juzi kimerudi kizuri. Tafadhali asiache kabla ya kuongea na daktari wake. Kimekuwa kizuri kwa sababu dawa inafanya kazi: inalizuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi, nalo ini linaanza kuivuta ile mbaya, LDL, kutoka kwenye damu. Akiacha, ndani ya wiki chache LDL inapanda tena, na hatajua, maana kolesteroli haiumi.

Chakula nacho kina nafasi yake, ila hakichukui nafasi ya kidonge alichoandikiwa. Mimi ningeanzia jikoni kwa kupunguza tui zito, samli kwenye chapati, ngozi ya kuku, mawese. Wali wa nazi usiufukuze nyumbani, uwe wa Ijumaa tu. Siku nyingine mpikie kunde au choroko, uunge kwa kitunguu, nyanya na kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Mama yangu alinung'unika wiki mbili nzima, sasa kunde anaziulizia mwenyewe.

Atembee dakika 30, siku 5 kwa wiki, mwendo wa kuhema kidogo huku bado anaweza kuzungumza.

Na balungi, jamani! Likiliwa kwa wingi huongeza kiasi cha dawa hii mwilini. Misuli ikimuuma bila sababu, huenda ni madhara ya dawa, amwambie daktari mapema. Mkojo ukiwa wa kahawia, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.