Kibofu kinauma, mkojo ukipimwa safi: jibu kwa dada wa Makambako

Pole sana dada. Umesema miezi sasa unakojoa kila nusu saa, kibofu kinawaka, ukienda unaambiwa yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) unapewa sipro, ile dawa ya kuua bakteria, dozi inaisha maumivu yako palepale. Mi niko Uyole hapa Mbeya na hayo maisha nayajua, basi la Dar nilikuwa nakata siti ya mbele karibu na konda ili nikitaka kuchimba dawa anisikie, abiria wananuna wee mpaka Mikumi.

Kwanza, mkojo wako umewahi kuoteshwa? Sio kile kijiti cha kuchovya, naongelea kuoteshwa maabara, majibu unasubiri kama siku mbili tatu hivi. Wangu haukuota kitu, sasa kama hakuna bakteria hiyo sipro inamuua nani? Huu ugonjwa wangu, ambao huenda ndo wako pia, wenyewe wanauita intastisho sistaitisi, yaani kibofu kuuma muda mrefu bila maambukizi. Una tabia yake, kibofu kikijaa maumivu yanapanda, ukikojoa unapata nafuu halafu yanaanza upya. Ikizidi wiki 6 na maambukizi hayaonekani ndo wanaanza kuufikiria, ila lazima kwanza waondoe kichocho, TB ya kibofu, mawe, uvimbe. Kwa hiyo omba rufaa kwa daktari wa mfumo wa mkojo akuingizie kamera kibofuni. Wengine wanakutwa na vidonda vya Hunner, yaani vidonda kwenye ukuta wa kibofu, vinachomwa na wanapata nafuu kubwa, mi sikukutwa navyo.

Nilianzishiwa amitriptilini miligramu 10 usiku. Mama mkwe akauliza mwanangu hii si ya wagonjwa wa akili? Ni kweli ni dawa ya sonona toka zamani ila kwa dozi ndogo inatuliza mishipa ya fahamu. Mdomo unakauka na asubuhi unaamka kama ulilala na ulanzi, baadae mwili unazoea. Usijipandishie dozi mwenyewe.

Chakula kila mtu na chake, andika kwenye daftari ulichokula na maumivu yalivyokuwa. Mi kinachoniua ni chai ya rangi (na huku kwetu chai ndo maji jamani), soda, limao kwenye uji na mchuzi wa nyanya nyingi. Maziwa na ndizi za kupika hazina neno. Usijinyime maji, mkojo ukikolea unachoma zaidi. Baridi ya mwezi wa sita naweka chupa ya maji moto tumboni nalala nayo.

Yale mazoezi ya kubana misuli ya chini kama unazuia mkojo, wanayoshauri wanawake wote, achana nayo, misuli ya nyonga wengi wetu imeshakakamaa, inatakiwa kulegezwa, tafuta mtu wa fiziotherapia anayejua mambo ya nyonga. Na la chumbani, mume wangu alidhani namkwepa, nikaenda naye kliniki dokta akamweleza mwenyewe, kelele zikaisha.

Ukiona damu kwenye mkojo, au homa na mgongo unauma, usingoje majibu ya humu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Halafu hujasema kama una mimba, kama unayo dokta ajue kabla hajakuandikia chochote.