Kabla hujapiga OPNsense kwa mtu, lijue faili la bekapu kwanza

Hii nawaandikia wadogo zangu mnaokuja field, maana kila msimu napokea wawili watatu hapa kijiofisini kwetu Ngamiani, Tanga, na kila msimu kosa ni lile lile, mtu kuinstoo fayawoli, ile mashine inayokaa kati ya intaneti na mtandao wa ndani ikichuja kinachopita, anajua vizuri tu ila kurudisha setingi za zamani hajawahi kujaribu hata siku moja, anajua bekapu ipo, basi moyo umetulia.

Kuinstoo kwenyewe wala sio ishu. Unashusha OPNsense, ni programu huria ya fayawoli, bure kabisa, unachukua ile picha ya vga (faili zima la kuinstolia, la mashine yenye skrini) ya kuchoma kwenye flashi. Inakuja imebanwa kwa bz2, kuna programu za kuchomea zinaifungua zenyewe na kuna ambazo hazifungui, kwa hiyo mimi naifungua mwenyewe kwanza kuliko kuja kushangaa mashine haibuti. Ikishawaka ingia kwa jina installer na paswedi opnsense. Hapo kuwa makini! Kijana mmoja wa field aliingia kwa root, lile jina la msimamizi mkuu, akaona menyu iko freshi, akaset kila kitu kuanzia asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, akazima akawasha, patupu. Alikuwa anafanyia kazi kwenye flashi muda wote, kwenye diski hakujaandikwa kitu. Tulicheka lakini kwa kweli inauma.

Ikikuuliza ZFS au UFS, yaani namna ya kupanga mafaili kwenye diski, chagua ZFS, hasa kama RAM ipo ya kutosha, gigi 4 kwenda juu haina shida. Huku kwetu umeme unaondoka bila kuaga na UFS ikizimwa ghafla ndiyo inayopenda kuharibika. Na UPS weka, hata kama bosi anasema ni gharama.

Sasa twende kwenye penyewe.

Kuna gesti moja Raskazone nilikuwa nawahudumia, fayawoli yao ikafa diski siku ya Ijumaa wageni wamejaa. Mimi nikaenda kifua mbele, bekapu ninayo kwenye flashi, mashine ninayo nyingine ya mtumba yenye kadi ya mtandao ya matundu mawili, nikajua nusu saa nimemaliza nawahi swala. Nikainstoo, nikaingia kwa laptopu, nikapandisha lile faili la config.xml, ikajirestati. Kimya. Nikipinga 192.168.1.1, anwani ya fayawoli yenyewe, hakuna, nachomoa waya nachomeka hakuna, jasho linanitoka na mama meneja kasimama mlangoni, "Fundi vipi, wageni wanalalamika." Skrini sikuja nayo, ikabidi nirudi mjini na bajaji kuchukua skrini na kibodi. Kuchomeka tu nikaona, inaniuliza intafesi, yaani matundu ya mtandao, zipangwe upya, imekaa inanisubiri mimi muda wote huo.

Sababu ni hii. Mashine ya zamani kadi zake zilikuwa zinaitwa em0 na em1, hii mpya ni igb0 na igb1. Majina yanatokana na aina ya kadi, Realtek zinakuwa re0 na kuendelea. Faili la bekapu limeandika em0, mashine inatafuta em0, haipo, basi inaacha kila kitu inakusubiri kwenye skrini. Sio bovu, ni wewe hukulisoma. config.xml ni maandishi ya kawaida tu, lifungue kwenye Notepad, tafuta mistari ya if, palipoandikwa em0 weka igb0, em1 weka igb1, na kama kuna VLAN (mitandao kadhaa iliyogawanywa juu ya waya mmoja) angalia na kule chini zimebebwa na kadi gani, huko ndiko wengi wanakosahau. Fanya kwenye kopi, faili lenyewe usiliguse.

Usijue tundu lipi ni lipi kwa kubahatisha pia. Mashine ikiwa imewaka na skrini umechomeka, chomoa waya mmoja, itaandika igb1 imekuwa DOWN, rudisha itaandika UP. Hapo hapo chukua masking tepu uandike kwenye tundu WAN la upande wa intaneti, LAN la upande wa ndani. Dakika moja hiyo.

Kingine, bekapu ya toleo la zamani kuipandisha kwenye toleo jipya kwa kawaida inakubali, ila ya toleo jipya kwenye la zamani usijaribu. Na plagini, vile vijiprogramu vya nyongeza, setingi zake zimo kwenye bekapu lakini plagini zenyewe hazimo, unazishusha upya, kwa hiyo intaneti ya WAN ipatikane kwanza ndiyo uanze kulalamika plagini haipo. Kama ruta ya kampuni ya mtandao nayo inagawa 192.168.1 na LAN yako ni 192.168.1 hiyo hiyo, hutopata kitu, badilisha LAN.

Na ile flashi ya kuinstolia usiidharau. Flashi nyingine iliyofomatiwa FAT tengeneza folda ya conf, weka config.xml ndani, zichomeke zote mbili, mashine ikiwa inawaka kwa ile ya kuinstolia itakupa nafasi ya kubonyeza kitufe uisomeshe hiyo bekapu bila kugusa diski. Yaani unaijaribu bekapu ya mteja mezani kwako, Jumanne tulivu, unakunywa chai, badala ya Ijumaa mchana watu wamekusimamia. Mimi sasa hivi kila mteja namfanyia hivyo nikishabadilisha kitu kikubwa.

Bekapu ifungwe kwa paswedi pia, mle ndani kuna funguo za VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali) na mambo ya watu. Ila paswedi isibaki kichwani mwako peke yako, wewe kesho unapata kazi Dar, si ndiyo tunavyosema sisi wa Tanga, waja leo waondoka leo. Ya gesti ile nimeiandika kwenye karatasi, mama meneja kaitia kwenye bahasha pamoja na risiti za maji. Nikipita namuuliza, mama bahasha ipo? Ananijibu ipo fundi, halafu ananiuliza mbona chumba namba tano YouTube inakwamakwama.