Hedifoni za mgongo wazi za bei ya kati: sauti na starehe hupimwa pamoja

Dada wa Likasi, umeuliza kuhusu hedifoni za mgongo wazi za dola 150 hadi 350, za kuchanganyia rekodi za kwaya (kusawazisha sauti za waimbaji na ala) kwa saa tatu au nne kila jioni. Umesema unavaa miwani na kwamba kwa sasa unatafuta sauti nzuri tu, starehe utaizoea. Nimefanya kazi hiyohiyo hapa Lubumbashi kwa miaka tisa, nikanunua hedifoni tatu za aina hii na kuazima mbili, na kwa heshima naomba nipinge hilo la mwisho. Kaske, kama wengi wetu tunavyoiita, haina sauti yake peke yake. Ina sauti inayopatikana baada ya mito yake laini inayozunguka masikio kukutana na kichwa chako, nywele zako na miwani yako.

Nieleze kwanza inavyofanya kazi, kwa sababu mengine yote yanatokana na hapo. Nyuma ya spika ndogo ya kila sikio hakuna ukuta bali kuna wavu, kwa hiyo sauti inayotoka upande wa nyuma huenda zake nje badala ya kugonga ndani ya kikombe na kurudi. Umbo hili si geni: Sennheiser walitoa HD 414 mwaka 1968, na HD 600 yao ya mwaka 1997 inauzwa hadi leo. Faida yake ni kwamba kwaya husikika imesimama mbele yako ikiwa na nafasi kati ya mwimbaji na mwimbaji, badala ya kubanwa katikati ya kichwa. Hasara yake ni kwamba katika nyingi zenye spika ya kawaida, besi huanza kupungua chini ya takriban Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), ilhali uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, una Hz 41. Zile zenye diaframu (utando unaotetemeka kutoa sauti) bapa inayosukumwa na sumaku katika eneo lake lote kwa kawaida huishikilia besi hiyo vizuri zaidi, lakini mara nyingi ni nzito.

Sasa nije kwenye miwani, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha. Kwa hedifoni yangu ya kwanza nilichanganya rekodi ya kwaya yenye gitaa la besi na ngoma mbili, na kila jioni nilisikia besi ni haba, nikaiongeza kidogo, kesho yake nikaiongeza tena. Siku tuliyoisikiliza kwenye spika za kanisani, besi ilivuma hadi maneno ya sauti ya pili yakapotea kabisa, na mwalimu wa kwaya akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimeisikiliza kazi yangu mwenyewe. Niliporudi nyumbani nilivaa hedifoni, nikacheza kipande kilekile, kisha nikabonyeza vikombe viwili taratibu kwa viganja. Besi ilipanda papo hapo, na nilipoachia ikashuka. Nilipovua miwani ilipanda tena bila kubonyeza. Mkono wa miwani ulikuwa umeinua mto wa mahameli nyuma ya sikio, pakabaki mwanya mwembamba usiotosha hata kupitisha njiti ya kiberiti, na hewa inayobeba besi ilikuwa ikipotelea hapo. Kwa hiyo fanya jaribio hilo kabla ya jingine lolote. Besi ikibadilika sana unapobonyeza kidogo, hedifoni hiyo haikukai, hata kama mchoro wa vipimo unaouona mtandaoni ni mzuri kiasi gani, kwa kuwa mchoro ule ulipimwa kwenye kichwa bandia kisichovaa miwani. Miwani yenye mikono myembamba ya waya husaidia, na mito laini yenye kina husaidia zaidi.

Kubana na uzito navyo visitenganishwe. HD 600 ina gramu 260, Sundara ya HiFiMAN, yenye diaframu bapa, ina gramu 372. Ukizishika mkononi utaona tofauti ni ndogo, lakini katika saa ya tatu gramu zile mia na zaidi huwa zote zimekusanyika juu ya utosi, hasa kama umesuka na tao la kichwani linakalia mstari wa msuko. Wakati huo, bila kujua, utaisogeza hedifoni nyuma kidogo ili upumue, spika itabadilisha mkao wake mbele ya sikio, na sauti za juu zitabadilika pamoja nayo. Mimi nimewahi kurekebisha herufi "s" za mwimbaji mmoja kwa jioni nzima, kumbe kilichokuwa kimehama ni kikombe. Kama hedifoni mpya inabana mno na tao lake ni la chuma, iache usiku kadhaa imevikwa kwenye rundo la vitabu lenye upana unaozidi kidogo upana wa kichwa chako, na uipime kila asubuhi. Usiilegeze hadi ianze kuteleza, maana mwanya wa besi utarudi.

Kuhusu kupima sauti yenyewe, chagua saa ambayo jirani amezima jenereta na hakuna mvua juu ya mabati. Hedifoni hizi hazizuii kelele ya nje karibu hata kidogo, na kishawishi ni kuongeza sauti ili kuishinda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, nasi wenye kazi hii tunazifikia saa hizo kwa urahisi. Ukilinganisha hedifoni mbili, sawazisha ukubwa wa sauti kwa uangalifu, kwa sababu ile inayosikika kubwa zaidi, hata kwa desibeli moja, sikio huiona ndiyo bora. Usitumie rekodi za kigeni zinazosifiwa na wauzaji. Mimi hutumia gitaa kavu (lisilo la umeme) la huku kwetu Katanga, lile la kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembea chini, shahada inaimba juu, na hedifoni nzuri hukuwezesha kufuata kimojawapo bila kukipoteza kingine. Kisha huweka rekodi yangu mwenyewe ya kwaya ambamo, kabla ya ubeti wa tatu, mwimbaji wa safu ya pili kushoto anafunua ukurasa wa kitabu cha nyimbo. Katika hedifoni moja niliyoazima ilikuwa kelele tu, lakini katika ile ninayotumia sasa ni karatasi, na ninajua imefunuliwa kwa mkono gani.

Simu pekee inaweza isitoshe. HD 600 ina ukinzani (kiasi inavyozuia umeme) wa omu 300 na huhitaji volti nyingi kuliko simu nyingi zinavyotoa, hasa kwa rekodi ya kwaya yenye sehemu za kimya. Weka kando fedha za amplifaya ndogo, au chagua yenye ukinzani mdogo na wepesi wa kusukumwa.

Uliza pia kama mito ya akiba inapatikana. Ikichakaa na kulala, spika husogea karibu na sikio na sauti hubadilika polepole bila wewe kugundua. Vumbi letu jekundu la Agosti huingia kwenye mahameli, kwa hiyo ifunike hedifoni kila usiku. Na mwimbaji asiivae mbele ya maikrofoni, kwa kuwa sauti inayovuja kutoka kwenye hedifoni itarekodiwa.

Muuzaji akikubali uirudishe baada ya wiki, nunua kwake hata kwa bei ya juu kidogo. Akikuruhusu kuijaribu dukani tu, nenda asubuhi na miwani yako na rekodi yako, omba kiti, ukae nayo kichwani dakika arobaini ukigeuza shingo na kuzungumza, kisha ubonyeze vikombe kwa viganja.