Aliyeliwa na samaki atafufuliwa na mwili upi?

SWALI: Assalaamu alaykum shekhe. Ami yangu alikuwa mvuvi, akazama, na maiti yake haikuonekana. Kijana mmoja hapa barazani anasema samaki wamemla, na hao samaki wameliwa na watu, kwa hiyo nyama yake sasa ni ya wengine. Siku ya Kiyama atafufuliwa na mwili upi? Na samaki wa pale tuwale?

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Mwenyezi Mungu amrehemu ami yako. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, aliyekufa maji amehesabiwa miongoni mwa mashahidi.

Kijana huyo hoja yake ni kongwe. Wanafalsafa waliosema ufufuo ni wa roho peke yake waliitegemea, na Imamu Ghazali akaieleza katika kitabu chake cha kuwajibu, *Tahafut al-Falasifa* (1095), tena kwa sura kali zaidi: mtu amle mtu mwenzake wakati wa njaa. Nyama ni moja, wenyewe wawili. Apewe nani?

Wanazuoni wa itikadi wengi walishika kwamba mwili ni mkusanyiko wa chembe zisizogawika, na kufufua ni kuzikusanya upya. Hapo ndipo hoja inapouma, maana chembe moja haiwezi kukaa pahali pawili. Mwanazuoni Taftazani (aliyefariki 1390) akajibu kwamba kila mtu ana sehemu zake za asili, anazokuwa nazo tangu mwanzo wa umri hadi mwisho. Nyingine huja na chakula na kuondoka. Alichokula mlaji kwake ni ziada tu, basi humrudia aliyeliwa. Wapinzani wakambana: je, sehemu ya asili ya aliyeliwa ikigeuka tone la uzazi, akaumbwa nalo mtu mwingine? Jawabu likawa kwamba Mungu huihifadhi isifike huko. Linatosha kwa muumini, ila mbishi hatanyamaza.

Ghazali aling'oa shina lenyewe. Wewe leo, asema, si nyama uliyokuwa nayo utotoni. Unakonda, unanenepa, chakula kinabadilisha mwili wote, na bado ni wewe. Utu wako uko kwenye nafsi. Ikirudishwa katika mwili, uwe wa udongo uleule au mwingine, aliyefufuka ni wewe. Haki yake itajwe pia: katika kitabu chake kingine, *al-Iqtisad*, alieleza kwamba kule kwenye *Tahafut* alikuwa akiwajibu wanafalsafa kwa misingi yao, si kutangaza madhehebu yake. Hata hivyo mimi naliona ndilo jibu linalomkata kauli kijana wenu, kwa kuwa yeye amemhesabu ami yako kwa ratili za nyama.

Lililo wajibu kuamini ni kwamba miili itafufuliwa. Aliyeuliza nani ataihuisha mifupa iliyooza alijibiwa katika Sura Yasin, aya ya 79: ataihuisha aliyeiumba mara ya kwanza. Namna ya kuzipanga chembe hatukukalifishwa kuijua.

Samaki ni halali, wa pale na wa kwingine. Wallahu aalam.