Kompresa, bendi na kelele za jirani: maswali yenu mwezi huu

Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza kitu kimoja, kompresa, yaani chombo cha studio kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo kwenye rekodi. Nimechukua maswali yanayojirudia na kuyafupisha. Majina nimeyaacha, mtaa unatosha.

Nikirap kwa sauti ya chini maneno yanazama kwenye biti, nikipaza yanapasua spika. Jamaa aliniambia nitie kompresa. Nimetia, sisikii tofauti yoyote. (Kayole)

Huenda kizingiti umekiweka juu kuliko sauti yako, kwa hiyo plagini (programu ndogo inayofanya kazi ya kompresa) inakutazama tu. Kompresa haina maajabu. Sauti ikivuka kiwango ulichoweka, inaishusha. Ikiwa chini ya kiwango hicho, haiguswi. Kiwango chenyewe ndicho kizingiti, na uwiano ndio unaoamua sauti itashushwa kwa nguvu gani.

Tuchukue namba. Tuseme mistari yako ya chini iko kwenye -24 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) na ile ya kupaza inafika -6. Tofauti ni desibeli 18, na hakuna biti itakayokubali kuishi na hiyo. Weka kizingiti -18 na uwiano wa 4:1. Mstari wa -6 umevuka kizingiti kwa desibeli 12. Kompresa inauachia robo tu ya hizo, yaani 3, kwa hiyo unatoka ukiwa -15. Mstari wa -24 unapita bila kuguswa. Sasa tofauti imebaki desibeli 9. Ukiinua vyote kwa desibeli 9 kwa kitufe cha geini ya mwisho, kilele kinarudi -6 na yale maneno yaliyokuwa yanazama yanapanda hadi -15. Hapo yatasikika.

Kwa hiyo jicho lako likae kwenye mita inayoonyesha desibeli zinazoshushwa. Ikikaa sifuri, hakuna kinachofanyika. Kwa rap napenda kuiona ikicheza kati ya 3 na 6. Ikigonga 12 kwa kila neno, usizidi kukandamiza. Rudi kwenye maiki ukarekodi tena, na pale unapopaza sogea nyuma hatua moja.

Halafu, kabla hujasema imependeza, rekebisha geini ya mwisho ili ukiizima na kuiwasha kompresa ukubwa wa sauti uwe uleule. Sikio hupenda kinachopiga kwa nguvu zaidi, hata kikiwa kibovu. Nusu ya sifa zinazomwagiwa plagini hapa mjini ni sifa za desibeli mbili zilizoongezwa kimyakimya.

Je, kompresa ndiyo inayofanya wimbo uwe mdogo ili upite kwa WhatsApp? (Githurai)

Hapana. MP3 na wenzake hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa taarifa ambazo sikio halitazikosa sana. Kompresa ya studio hupunguza umbali kati ya sauti kubwa na ndogo, na faili inabaki na uzito uleule. Prodyuza wako akikuomba vokali, mtumie WAV, faili ya sauti isiyobanwa, kwa kiungo cha Google Drive. Usimtumie kama ujumbe wa sauti. WhatsApp itaibana, na hakuna kompresa duniani ya kurudisha kilichotupwa.

Ngoma zangu zilikuwa na nguvu. Nilipoweka kompresa zikawa kama zinapigwa nyuma ya godoro. (Umoja)

Hapo ataki ni ya haraka mno. Ataki ni muda ambao kompresa huchukua kushika breki baada ya sauti kuvuka kizingiti, na rilisi ni muda wa kuiachia. Sneya, ile ngoma yenye mlio wa kupasua, ina sehemu mbili. Kuna ule mpasuko wa mwanzo, unaodumu milisekunde chache tu, na kuna mwili na mwangwi unaofuata. Ukiweka ataki ya milisekunde 1, kompresa inaudaka mpasuko wenyewe na kuuangusha, kisha mwili unabaki mbele. Ndiyo hiyo godoro unayosikia. Ipeleke 20 au 30, mpasuko upite kwanza, breki zishikwe nyuma yake. Utasikia sneya ikirudi usoni bila kuongeza hata desibeli moja.

Rilisi ndiyo watu huiacha ilivyokuja, na ndiyo inayobeba mdundo. Gawa 60,000 kwa tempo yako: biti ya 100 inakupa milisekunde 600 kwa pigo moja, 300 kwa nusu, 150 kwa robo. Anza na 150, utazame mita. Unataka irudi sifuri, au karibu na sifuri, kabla ya pigo linalofuata. Ikiwa bado iko chini pigo linapofika, kompresa haijapumua tangu wimbo uanze, na muziki wote utasikika umechoka. Lakini ukiifupisha kupita kiasi kwenye besi, sauti inaanza kukwaruza, kwa sababu wimbi la 50 Hz pekee linachukua milisekunde 20 kumaliza mzunguko mmoja na kompresa inaanza kuwinda mzunguko badala ya noti.

Njia ya kujifunza haya bila mita ni kushusha kizingiti hadi sauti iharibike waziwazi, kuzungusha ataki na rilisi ukisikiliza, kisha kurudisha kizingiti mahali pa adabu.

Baada ya kompresa nasikia friji, feni, na TV ya jirani kati ya mistari. Plagini ni mbovu? (Kahawa West, chumba kimoja)

Plagini haina kosa. Kelele hizo zilikuwepo tangu mwanzo, wewe ndiye umeziinua. Kwenye ule mfano wa Kayole tuliongeza desibeli 9 mwishoni. Friji iliyokuwa -60 sasa iko -51, na unapovuta pumzi hakuna kinachoifunika. Zima friji robo saa, maziwa hayataharibika. Tundika blanketi nzito nyuma yako, kwa sababu maiki inatazama mdomo wako pamoja na ukuta ulio nyuma ya kichwa chako. Maiki ikae upana wa kiganja kutoka mdomoni. Mvua ikianza kupiga mabati, weka maiki chini ukapike chai. Pengo kati ya mistari likate kwa mkono kabla ya kompresa.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Tulirekodi kanisani kwa maiki mbili, kila kitu kwenye faili moja ya stereo. Kinanda kikishuka kwenye noti nzito, waimbaji wote wanazama. Fundi alisema nitumie kompresa ya bendi nyingi. Ni kitu gani, na nianzie wapi? (Kariobangi)

Mwalimu, shikamoo. Fundi wako hajakupoteza, ila amekuruka hatua.

Kompresa ya kawaida inaisikia sauti yote kama kitu kimoja. Besi ndiyo yenye nguvu nyingi zaidi kwenye muziki, kwa hiyo besi ikivuka kizingiti, kompresa inashusha kila kitu pamoja nayo: kinanda, soprano, makofi, hadi mwangwi wa kanisa. Ikiwa tayari kuna kompresa kwenye faili hiyo, huenda ndiyo inayowazamisha waimbaji wako. Kwa hiyo jaribu kwanza jambo rahisi. Plagini nyingi zina kichujio kwenye njia ya kompresa kusikilizia. Kiweke 100 au 120 Hz. Besi itaendelea kusikika kwenye wimbo, lakini kompresa haitaisikia, kwa hiyo haitaishushia soprano makosa ya kinanda. Mara nyingi shida huishia hapo, na bendi nyingi unaziacha kwenye menyu.

Isipoishia hapo, au kama hakukuwa na kompresa na kinanda chenyewe kinafunika, basi bendi nyingi ina kazi. Inakata sauti vipande kwa vichujio, kila kipande kinapata kompresa yake, kisha vinaunganishwa tena. Ni kama kuwa na wapishi watatu badala ya mmoja, kila mmoja na sufuria yake. Kwako wewe zinatosha bendi mbili. Weka mpaka karibu na 200 Hz. Bendi ya juu iache bila kuguswa kabisa. Bendi ya chini weka uwiano wa 2:1 au 3:1, ataki ya milisekunde 30, rilisi karibu 200, kisha shusha kizingiti hadi mita isogee desibeli 3 au 4 pale tu kinanda kinapotua kwenye noti nzito. Kinanda kikiwa na adabu, mita ikae sifuri. Hiyo ndiyo faida yake juu ya ikwalaiza, yaani kirekebishi cha besi na sauti za juu. Ikwalaiza ingekata besi wimbo mzima, hata kwenye ubeti ambao besi ilikuwa inabeba kwaya vizuri.

Ila mwalimu, sauti za wanaume wa besi nazo hushuka hadi karibu 80 Hz, na zitaguswa na bendi hiyohiyo. Sikiliza sehemu ambayo wanaimba bila kinanda. Zikilegea, sogeza mpaka hadi 150.

Jambo la mwisho kuhusu mipaka: vichujio vinavyokata bendi husogeza fezi ya sauti (jinsi mawimbi yanavyopangana kwa wakati) pale vinapokutana, hata kabla kompresa haijafanya lolote. Kuna aina isiyosogeza fezi, lakini inachelewesha sauti, na mapigo makali huweza kusikika yakitanguliwa na kivuli chake. Kila mpaka una gharama. Ndiyo maana nikiona mtu amefungua bendi tano na zote zinasukumwa desibeli 4, najua kwamba hakuwa na tatizo alilokuwa akilitafuta.

Vokali zangu zina "sss" inayochoma masikio. (Pipeline)

Kiswahili kimejaa hizo. Imba "sisi sote tusisahau" ukihesabu. Kinachokufaa ni diesa, ambayo ni kompresa ya bendi moja ya juu. Sauti ya S kwa watu wengi hukaa kati ya 5 na 9 kHz. Zungusha hadi uipate yako, shusha desibeli 4 hivi, na uache kabla hujaanza kuimba kwa kithembe. Kumbuka kwamba kompresa ya kawaida huwa inaiongeza S. Irabu ikishushwa kisha zote zikainuliwa, S inatoka mshindi. Kwa hiyo diesa niiweke kabla au baada? Mimi huweka kidogo kabla na kidogo baada.

Na kuna ndugu yake upande wa chini. Maiki nyingi za kawaida, SM58 ikiwemo, huongeza besi mtu anapoikaribia. Mwimbaji akinong'ona mdomo ukiwa juu ya wavu, eneo la 100 hadi 250 Hz linavimba. Akirudi nyuma linapotea. Ukikata kwa ikwalaiza, mistari ya mbali itabaki mikavu. Bendi moja ya kompresa hapo, ikiamka anapokaribia tu, ndiyo matumizi ya bendi nyingi ninayoyapenda kuliko yote.

Lazima ninunue plagini za LA-2A na 1176 ndipo nisikike kama wakubwa? (Rongai)

Sio lazima. Hizo ni plagini zinazoiga kompresa mbili za zamani. 1176 ilitoka 1967 na bado inasifiwa kwa ataki yake, ambayo kwenye kasi ya juu ni mikrosekunde 20, yaani sehemu 20 za milioni ya sekunde. LA-2A inatumia taa na kihisi cha mwanga, kwa hiyo inashika na kuachia taratibu, na ina vitufe viwili tu vya kuhangaika navyo. Watu huziunganisha, ya kwanza ikidaka vilele na ya pili ikilainisha yanayobaki. Unaweza kufanya vivyo hivyo kwa kompresa mbili zilizomo ndani ya programu yako, kila moja ikishusha desibeli 3. Mwenye FL Studio ana Fruity Limiter, na akihitaji bendi atazame kama toleo lake lina Maximus. Mwenye Windows anaweza kupakua ReaComp na ReaXcomp bure kutoka kwa watengenezaji wa Reaper. Pesa hizo nunua kebo nzuri na stendi isiyoanguka.

OTT kwenye vokali, ndiyo au hapana? (Eastleigh)

OTT ni kompresa ya bendi nyingi inayoshusha kubwa na kuinua ndogo kwenye bendi tatu kwa mpigo. Kwenye sinthi ni raha. Kwenye vokali punguza kina hadi 20 kwa mia au chini yake, la sivyo utasikia mate.

Wimbo wangu ukichezwa baada ya wa wengine unasikika mdogo. Niubane kwa bendi nyingi kwenye masta hadi ulingane? (South B)

Kwanza jua unachezwa wapi. Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo karibu na -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani wa wimbo mzima. Ukiupeleka -7, watauteremsha desibeli 7, na kilichobaki ni ule mbano tu bila ukubwa. YouTube nayo huteremsha zilizozidi. FM ni habari nyingine: vituo hukandamiza sauti bendi kwa bendi kabla haijafika kwenye mnara, kwa mashine za aina ya Optimod ambazo kampuni ya Orban ya Marekani ilianza kuziuza 1975. Wimbo uliokwisha kubanwa nyumbani ukibanwa tena pale, hutoka umepondeka. Uliopumua hufaidi.

Mara nyingi "udogo" huo unatoka kwenye miksi. Besi ya 40 Hz ambayo spika zako hazionyeshi inakula nafasi yote, limita (kompresa kali inayozuia vilele) inashtuka, na sauti ya mwimbaji haisogei. Chuja chini ya 30 Hz, shusha besi desibeli 2, kisha pima tena kabla ya kugusa bendi yoyote. Acha vilele vikomee -1 dB. Kisha usikilize kwa simu, na ukimjua dereva wa matatu mwenye spika kubwa, muombe akuchezee dakika tatu stejini kabla abiria hawajajaa. Peleka pia wimbo wa mtu mwingine unaoujua vizuri, ili ujue ni matatu inayonguruma au ni wewe.