G7 X Mark II au SX740 HS kwa picha za watoto nyumbani?

Dada, umesema unataka kamera ndogo ya kuwapiga wanao picha nyumbani, hasa jioni, na umekwama kati ya Canon G7 X Mark II na SX740 HS. Chukua G7 X. Kihisi chake (sehemu ya ndani inayopokea mwanga) cha inchi 1 ni kikubwa karibu mara 4 kuliko cha SX740, na lenzi hufunguka hadi f/1.8, yaani tundu pana linaloingiza mwanga mwingi: chini ya taa moja ya sebuleni, mtoto akigeuka ghafla, uso hautapotea kwenye ukungu. SX740 huvuta picha karibu (zoom) mara 40, nzuri kwa ndege juu ya mnazi, lakini gizani picha hujaa chenga.

Ukinunua iliyotumika, vuta zoom mpaka mwisho usikilize mkwaruzo, kisha piga picha ya ukuta mweupe kwa f/11 (tundu dogo). Vidoa ni vumbi la ndani. Lenzi ikikwama usiilazimishe, mpelekee fundi.