Kodi ya kampuni: asilimia 30, au hata moja haifiki?

SWALI: Dada Mhasibu, salamu. Mimi ni karani wa mizigo hapa Shimanzi, Mombasa. Juzi tukinywa kahawa barazani Majengo, redioni wanasiasa wawili walikuwa wakibishana juu ya kodi ya mapato ya kampuni. Mmoja alisema serikali inawakamua wenye viwanda asilimia 30. Mwenzake akasema kuna viwanda ambavyo hata asilimia 1 havilipi. Wazee wakagawanyika pande mbili. Nani mwongo?

JIBU: Salamu zimefika, kaka yangu. Huenda hakuna aliyesema uongo, na hilo ndilo linaloniuma. Skuli tulifunzwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Wanasiasa hututajia kiasi, asili wakaificha.

Chukua mfano wa kiwanda kilichopo Changamwe. Mauzo ya mwaka ni shilingi milioni 200. Ukitoa gharama zote isipokuwa uchakavu wa mitambo, inabaki milioni 20. Mwaka huo kimenunua mitambo ya milioni 30. Mhasibu anaigawa bei hiyo kwa miaka 10, kwa hiyo uchakavu ni milioni 3 na vitabu vinaonyesha faida ya milioni 17. Sheria ya kodi haiutambui uchakavu huo. Ina punguzo lake la uwekezaji, na kwa mitambo ya kutengenezea bidhaa huruhusu nusu ya gharama ikatwe mwaka wa kwanza. Milioni 20 ukitoa 15, zinabaki 5 za kutozwa kodi. Asilimia 30 yake ni milioni 1.5.

Sasa igawe hiyo 1.5. Kwa faida inayotozwa kodi, ni asilimia 30. Kwa faida ya vitabuni, haifiki 9. Kwa mauzo, ni robo tatu ya asilimia moja. Kiwanda ni kilekile, hundi ni ileile. Na miaka ikipita, punguzo likaisha huku uchakavu ukiendelea, kiwanda hicho kitalipa milioni 6 kwa faida ya vitabuni ya milioni 17, yaani zaidi ya asilimia 35. Anayetaka kuwaonyesha wenye viwanda kuwa wakwepaji atachagua mwaka wa kwanza. Anayetaka kuwaonyesha kuwa wanaonewa atachagua mwaka huo wa baadaye. Mimi huwataka wote wawili watuonyeshe miaka yote 10.

Kugawa kodi kwa mauzo ndiko kunakopotosha zaidi, na hapa Kenya tumewahi kukuingiza katika sheria. Sheria ya Fedha ya 2020 ilileta kodi ya kima cha chini, asilimia 1 ya mauzo, kuanzia Januari 2021. Asilimia 1 yasikika ndogo. Lakini mfanyabiashara anayeuza vya milioni 100 akapata faida ya milioni 2 angetoa milioni 1, nusu ya jasho lake, na aliyepata hasara angelipa kutoka kwenye mtaji. Mahakama Kuu iliifuta Septemba 2021, na Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo Desemba 2022.

Kuna pia mtindo wa kuhesabu vichwa. Mwaka 2008 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani ilitoa ripoti kwamba takriban theluthi mbili ya kampuni za huko hazikulipa kodi ya mapato ya serikali kuu katika mwaka wa wastani kati ya 1998 na 2005. Ukisikia hivyo unaona majitu yote yamejificha. Lakini katika hesabu hiyo duka dogo lililopata hasara ni kichwa kimoja, na kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi ni kichwa kimoja vilevile. Swali la haki ni faida kiasi gani haikutozwa, na kwa nini.

Hata hiyo 30 yenyewe si ya wote. Kampuni iliyo ndani ya eneo maalumu la kiuchumi, kama lile la Dongo Kundu, hutozwa asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, kisha asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata. Na akikwambia mtu kwamba 30 ndiyo inayowakimbizia wawekezaji kwa jirani, mkumbushe kwamba Tanzania na Uganda nako kiwango cha kawaida ni 30.

Mkitaka kuyamaliza mabishano ya baraza, chukueni ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote iliyo kwenye Soko la Hisa la Nairobi, mtafute maelezo ya kodi nyuma ya hesabu. Humo mna jedwali linaloanza na faida kabla ya kodi, likaizidisha kwa asilimia 30, kisha likaorodhesha kilichoongeza na kilichopunguza hadi kufikia kodi iliyoandikwa mwaka huo. Karibu yake pana mstari wa kodi iliyoahirishwa. Usiuruke huo, kwani kodi ambayo punguzo la mwaka wa kwanza limeisogeza mbele imeandikwa hapo.